Mzee Ametulia au Amelazwa na Dawa?

Januari 2009 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilikubali kukiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kulipa dola bilioni 1.415. Kesi ilihusu Zyprexa, dawa iliyoidhinishwa kutibu skizofrenia na baipola, ambayo mawakala wa kampuni walikuwa wakiipigia debe hadi kwenye vituo vya kulelea wazee. Waendesha mashtaka walieleza kaulimbiu waliyofundishwa mawakala hao: miligramu 5 saa kumi na moja jioni. Mzee anameza kidonge kabla ya chakula cha usiku, analala fofofo mpaka asubuhi, na zamu ya usiku inapita bila kero.

Kaulimbiu hiyo haitumiki tena, lakini kishawishi kilichoizaa kipo palepale. Kituo chenye wahudumu wachache na wazee wengi wenye dimenshia, ule ugonjwa unaomla mtu kumbukumbu na akili pole pole, kitatafuta tu namna ya kupata utulivu. Na jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Wakenya wa Lowell huko Massachusetts, Watanzania, Wakongomani na wengineo waliotawanyika Minnesota, Texas na jimbo la Washington, wengi wao walianza maisha ya Marekani kama wahudumu wa wazee, wale wanaoitwa CNA. Sasa wapo pia ambao wazazi wao wenyewe wamezeekea huko, na siku inafika familia haiwezi tena kumhudumia mzee nyumbani.

Dawa zenyewe ni zile za kutibu saikosisi, hali ya mtu kusikia sauti ambazo hazipo au kushikilia imani isiyo na msingi wowote. Za zamani ni haloperidoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Haldol, na klopromazini. Za baadaye ni risperidoni, inayouzwa kama Risperdal. Olanzapini, ndiyo hiyo Zyprexa. Na kwetiapini, inayouzwa kama Seroquel. Kwa kijana wa miaka 22 anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru, dawa hizi huokoa maisha, na hakuna anayepaswa kuziogopa kwa mgonjwa kama huyo. Tatizo ni pale zinapopewa bibi wa miaka 84 kwa sababu anazungukazunguka korido akiuliza watoto wake wako wapi.

Aprili 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizilazimisha kampuni kuweka onyo kali kabisa, lile linalochapishwa ndani ya kisanduku cheusi juu ya maelezo ya dawa. Wataalamu wake walikuwa wamekusanya majaribio 17 yaliyofanywa kwa wazee wenye dimenshia. Katika jaribio la kawaida la wiki 10, wazee waliopewa dawa walikufa kwa kiwango cha asilimia 4.5, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa kwa asilimia 2.6. Vifo vingi vilitokana na moyo au maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo hilo lilipanuliwa hadi kwenye dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo.

Uingereza ilifanya hesabu yake. Novemba 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ripoti iliyokadiria kuwa watu 180,000 wenye dimenshia walikuwa wakipewa dawa hizi kila mwaka nchini humo. Kati yao, waliopata nafuu walikuwa kama 36,000. Vifo vya ziada vilikadiriwa 1,800 kwa mwaka, na matukio ya kiharusi na mfano wake yakawa karibu idadi hiyohiyo. Yaani kwa kila watano waliomeza, mmoja ndiye aliyefaidika. Mtoto anayeombwa kukubali dawa hii kwa niaba ya mama yake anastahili kuambiwa hesabu hiyo kabla hajasema ndiyo.

Madhara yenyewe hayaji na kelele. Mzee aliyekuwa akila mwenyewe anaanza kuweka chakula mdomoni bila kukimeza. Udenda unachuruzika. Mabega yanakakamaa, mikono inatetemeka, anatembea kwa kuburuta miguu kama viatu vina risasi ndani. Mchana kutwa anasinzia kwenye kiti cha magurudumu, kidevu kifuani. Siku moja anaanguka na kuvunjika nyonga, na kwenye faili anguko hilo linaandikwa kuwa ni uzee.

Si kwamba sheria haipo. Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mageuzi ya vituo vya wazee, baada ya ripoti nzito ya mwaka uliotangulia kueleza jinsi wazee walivyokuwa wakifungwa kwa kamba na kwa dawa. Tangu hapo mkazi ana haki ya kutopewa dawa ya kumtuliza kama adhabu, wala kwa ajili ya kuwarahisishia wahudumu kazi. Machi 2012 CMS, taasisi ya serikali inayosimamia bima za Medicare na Medicaid, ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kupunguza matumizi haya. Mwishoni mwa 2011, asilimia 23.9 ya wakazi wa muda mrefu walikuwa wakipewa dawa za saikosisi. Miaka michache baadaye kiwango kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 14 au 15, na kila kituo kikawa na alama yake kwenye tovuti ya serikali, ili familia ilinganishe kabla ya kuchagua.

Kwenye karatasi huo ni ushindi. Lakini hapa ndipo panapohitaji jicho kali.

Hesabu hiyo ya serikali huwaweka kando wakazi wenye maradhi matatu: skizofrenia, ugonjwa wa Huntington na ule wa Tourette. Ilikuwa haki kufanya hivyo, maana mgonjwa wa kweli wa skizofrenia anaihitaji dawa. Ila mlango ukawa umeachwa wazi. Kituo kinachotaka alama nzuri bila kubadili mwenendo kinaweza kumwandikia mzee skizofrenia, na mara moja kidonge chake kinatoka kwenye hesabu. Mei 2021 ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wizara ya afya ilitoa ripoti kwamba karibu theluthi moja ya wakazi walioripotiwa na vituo kuwa na skizofrenia mwaka 2018 hawakuwa na dai hata moja la Medicare la kutibiwa ugonjwa huo. Septemba mwaka huohuo gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi wake: katika vituo vya wazee, mkazi 1 kati ya 9 alikuwa na jina la skizofrenia kwenye faili. Katika jamii kwa jumla ni mtu 1 kati ya 150.

Skizofrenia kwa kawaida huanza ujanani, kuanzia miaka ya mwisho ya utineja hadi thelathini na kitu. Mwalimu mstaafu aliyelea watoto sita, akasimamia kwaya ya kanisa miaka 30, kisha akagunduliwa na skizofrenia akiwa na miaka 81, wiki chache baada ya kuingia kituoni, faili lake lina jambo la kuulizwa. Nani alimpima? Ni daktari wa magonjwa ya akili au ni mtu aliyejaza fomu? Januari 2023 CMS ilitangaza ukaguzi wa aina hii hasa, na kituo kinachokutwa na majina ya ugonjwa ya uongo hushushwa hadi nyota moja kwenye alama ya ubora wa huduma. Lakini wakaguzi hawawezi kufungua kila faili. Mwana anayemjua mama yake tangu utoto wake hana haja ya kusubiri mkaguzi.

Hapa ndipo ushauri wa vitendo unapoanzia, na unaanzia kwenye karatasi. Mkazi au mwakilishi wake wa kisheria ana haki ya kuona faili lake ndani ya saa 24 tangu aombe, ukiondoa wikendi na sikukuu, na kupewa nakala ndani ya siku 2 za kazi. Familia nyingi za Kiafrika huona haya kuomba. Zinaogopa kuonekana hazimwamini daktari, au zinahofia mzee atalipiziwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inawagharimu wazazi. Ni vyema uwakilishi wa kisheria wa mambo ya matibabu uandikwe mapema, mzee akiwa bado anaweza kusema anamtaka nani amsemee. Bila karatasi hiyo, ndugu wanne wanaweza kufika na kila mmoja akajibiwa kwamba hana mamlaka.

Faili likishafunguliwa, yatafutwe mambo machache. Orodha ya dawa zote, na tarehe kila moja ilipoanza. Sababu iliyoandikwa mbele ya kila dawa ya akili: neno kama "fujo" au "anahangaika" halitoshi, lazima ielezwe nini hasa kilitokea, saa ngapi, na nini kilijaribiwa kwanza. Maoni ya mfamasia, kwa sababu kanuni zinamtaka apitie dawa za kila mkazi angalau mara moja kwa mwezi. Maoni hayo nayo yasomwe kwa umakini. Novemba 2013 Johnson & Johnson ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza kesi zilizohusu Risperdal na dawa nyingine, na miongoni mwa madai ya serikali ni kwamba iliipa hongo Omnicare, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote ya famasi za vituo vya wazee nchini, ili wafamasia wake waipendekeze.

Kuna kanuni mbili ambazo kila familia ingefaa izijue kama inavyojua siku ya kulipa kodi ya nyumba. Ya kwanza inahusu dawa za "akihitaji", yaani zile ambazo muuguzi anaruhusiwa kumpa mzee akiona inafaa. Amri ya namna hiyo kwa dawa ya saikosisi inaisha baada ya siku 14, na haiwezi kuandikwa upya mpaka anayeiandika amwone mzee mwenyewe na kumpima. Ya pili ni ya kupunguza dozi. Mkazi anayepewa dawa hizi lazima ajaribiwe kupunguziwa mara mbili katika mwaka wa kwanza, katika robo mbili tofauti za mwaka zenye angalau mwezi mmoja katikati, na baada ya hapo mara moja kila mwaka, isipokuwa daktari aandike sababu za kitabibu za kutofanya hivyo. Kwa hiyo swali la mwana ni jepesi na la adabu: "Dada, mama amejaribiwa kupunguziwa lini, na ilikuwaje?" Muuguzi mzuri atafungua faili na kujibu. Asiye na jibu naye amejibu.

Swali gumu zaidi ni la chanzo. Mzee mwenye dimenshia hawezi kusema jino linamuuma, kwa hiyo anapiga. Hawezi kusema hajapata choo siku nne, kwa hiyo anapiga kelele. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga akili kwa siku mbili tu, mtu aliyekuwa mpole akawa wa kutukana. Mwaka 2011 watafiti wa Norway walichapisha jaribio lililofanyika katika vituo 18, likihusisha wakazi 352 wenye dimenshia na vurugu. Kundi moja lilitibiwa maumivu hatua kwa hatua kwa wiki 8, wengi wao kwa parasetamoli ya kawaida tu. Vurugu zilipungua kwa asilimia 17. Kidonge kinachouzwa kwenye duka lolote la mtaani kilifanya kazi ambayo kwingine ilikuwa ikikabidhiwa dawa yenye kisanduku cheusi.

Bafu ni mahali pengine pa kuangalia. Saa kumi na mbili asubuhi, mzee anavuliwa nguo na watu wawili asiowakumbuka, chumba kina baridi, maji yanamwagika usoni kutoka juu. Kwa akili yake anashambuliwa, na anajitetea kama ambavyo mtu yeyote angejitetea. Kwenye faili linaingia neno "mkorofi wakati wa kuoga". Utafiti uliochapishwa 2004 katika vituo 15 vya Marekani ulijaribu njia nyingine: kumwogesha mzee kwa utaratibu anaoupenda yeye, au kumwogesha kitandani akiwa amefunikwa taulo kubwa zenye maji ya uvuguvugu, akifunuliwa sehemu moja moja. Matukio ya kupiga na kung'ata yalipungua kwa zaidi ya nusu. Bibi aliyeoga maisha yake yote jioni kwa beseni na kata hana sababu ya kupigiwa bomba alfajiri, na mwana akimweleza mhudumu jambo hilo, linaweza kuandikwa kwenye mpango wa huduma.

Kwa wazazi kutoka Afrika Mashariki kuna jambo jingine lisiloonekana kwa wengine. Lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi ndiyo inayopotea kwanza. Mama aliyezungumza Kiingereza kwa miaka 20 anaweza kuamka siku moja amebaki na Kiswahili, au Kikuyu, au Kilingala pekee. Anaita "maji, maji", na kwa mhudumu asiyeelewa hizo ni kelele tu. Anakataa chakula kwa sababu ni Ramadhani kichwani mwake, au kwa sababu nyama iliyo sahanini haijui. Familia iandike karatasi moja na kuibandika ukutani: maneno kumi ya lazima na maana yake, jina analopenda kuitwa, saa zake za kusali, vyakula asivyokula, nyimbo zinazomtuliza. Kituo cha Beatitudes huko Phoenix, Arizona, kilijulikana nchi nzima kwa kufuata njia ya aina hii: wakazi wenye dimenshia waliruhusiwa kulala, kuoga na kula wakati wanaotaka wao, hata usiku wa manane, hata kama wanachotaka ni chokoleti.

Upande wa pili wa kitanda yupo mhudumu, na mara nyingi ni Mwafrika Mashariki. Huyu haandiki dawa wala hana sauti kubwa kwenye vikao, lakini ndiye anayemwona mzee kwa saa 8 mfululizo, wakati daktari anamwona kwa dakika chache. Anachokiandika ndicho kinachosomwa. "Amekuwa na fujo" ni kuni za kuwashia kidonge. "Saa tisa alasiri alianza kulia baada ya jirani yake kuondoka, nilimpeleka dirishani, nikampa chai, akatulia baada ya dakika 20" ni maelezo yanayomfanya daktari afikiri mara mbili. Mhudumu pia ndiye wa kwanza kugundua kwamba mzee ameanza kukakamaa tangu dozi ilipoongezwa. Aliseme kwa muuguzi wa zamu, aliandike, na aweke tarehe.

Na asiposikilizwa? Kila jimbo la Marekani lina ofisi ya ombudsmani wa vituo vya wazee, inayopokea malalamiko ya wakazi, ndugu na wahudumu, na hairuhusiwi kufichua jina la mlalamikaji bila ridhaa. Ofisi hizi zimewahi kufanya kazi nzito. Januari 2007 ombudsmani mmoja California alilalamika kwamba mkazi wa kituo kimoja katika Kaunti ya Kern alishikwa kwa nguvu na kudungwa sindano ya dawa ya akili. Wakaguzi walipoingia walikuta dawa zilikuwa zikitumiwa kwa wakazi wengi waliochukuliwa kuwa wasumbufu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alifungua mashtaka ya jinai, akihusisha dawa hizo na vifo vya wakazi watatu. Mkuu wa wauguzi aliishia kuhukumiwa kifungo.

Pamoja na hayo, wapo wazee ambao dawa inawafaa. Mzee anayeona watu wenye mapanga chumbani kila usiku na kutetemeka kwa hofu, au anayempiga mwenzake mpaka damu itoke hata baada ya maumivu kutibiwa na mazingira kubadilishwa, anaweza kuhitaji dozi ndogo kwa muda mfupi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani wa mwaka 2016 unaelekeza hivi: ikiwa hakuna nafuu ya maana baada ya wiki 4, dawa ipunguzwe na kuondolewa, ikiwa nafuu ipo, jaribio la kuipunguza lifanyike ndani ya miezi 4 tangu ilipoanza. Tarehe hizo ziingizwe kwenye kalenda ya simu ya mwana siku ileile anapotoa ridhaa. Na kabla ya ridhaa aulize kama mzee amewahi kuchunguzwa dimenshia ya aina ya Lewy, hasa akiwa anaona vitu visivyokuwapo na anatembea kwa kukakamaa, kwa sababu kwa wagonjwa hao dawa hizi, haloperidoli hasa, zinaweza kuwadhuru vibaya sana.

Familia za Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa hazina tovuti ya nyota wala ombudsmani wa vituo vya wazee, na wazee wengi huko hulelewa nyumbani na binti wa kazi. Lakini haloperidoli na klopromazini zipo kwenye famasi zao, na mzee anayeamka usiku huletewa kidonge kilekile. Maswali ya kumuuliza daktari ni yaleyale: ni ya nini hasa, ameangaliwa maumivu na mkojo, dozi ni ndogo kiasi gani, na itasimamishwa lini.

Jambo moja lisifanywe na mtu yeyote, awe ndugu au mhudumu: kuificha au kuitupa dawa kwa hasira baada ya kusoma haya. Mzee aliyeizoea kwa miezi anaweza kuvurugika ikikatwa ghafla. Daktari huipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mwongozo uleule wa 2016 unataka mzee aangaliwe angalau kila mwezi wakati wa kupunguza na kwa miezi 4 baada ya kuacha. Dalili zikirudi katika kipindi hicho, kikao cha mpango wa huduma kiitishwe tena, mhudumu wa zamu ya jioni na wa zamu ya usiku wawepo, na daftari lao la mwezi huo lifunguliwe kabla kidonge hakijaandikwa upya.